Kipimo cha alerji: karatasi inasema karanga, tumbo linasema minyoo

Bambu, kama mahali pote pa zahabu, pesa inakujaka kwa kushtukiza na inaendaka vilevile. Wiki ambayo shimo limetoa vizuri, baba anafikiria watoto. Yule mdogo, wa miaka miwili au mitatu, anakohoa usiku, anajikuna mpaka ngozi inatoa maji, pua yake haikauki. Jirani anasema: mupeleke Bunia, ao muvuke mpaka Kampala, kule kuna kipimo cha damu kinaonyesha alerji zote, hata ile ambayo haiyakuja. Damu inatolewa, dola zinalipwa, familia inarudi na karatasi. Karanga, samaki, mayai, vumbi la nyumba, na mbele ya kila neno kuna alama ya kujumlisha, moja, mbili, wakati mwingine tatu. Kuanzia siku hiyo mtoto anakula fufu na sombe isiyotiwa karanga. Na kikohozi kinaendelea.

Kipimo hicho si uongo. Ni kipimo cha kweli, kinatumiwa katika lopitali kubwa za dunia, na kwa mtoto fulani kinaweza kusaidia sana. Shida iko katika kukisoma. Jibu ambalo daktari wa Ulaya analisoma kwa njia moja, hapa Djugu linapaswa kusomwa kwa njia nyingine, na sababu yake imejulikana tangu zaidi ya miaka hamsini. Ni ajabu kwamba haijafika kwa watu wanaolipa.

Tuanze na damu yenyewe. Mwili una askari wa aina mbalimbali. Kati yao kuna kundi moja dogo sana ambalo wanasayansi walikuwa wanalitafuta kwa muda mrefu bila kulikamata. Mwaka 1966, Kimishige Ishizaka na mke wake Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walitangaza kwamba wamelipata. Karibu wakati uleule, Uppsala kule Sweden, S. G. O. Johansson na Hans Bennich walikuwa wameona kitu kilekile katika damu ya mgonjwa mmoja. Mwaka 1968 OMS, shirika la afya la dunia, likakipa jina: IgE. Ni huyu askari ambaye, kwa mtu mwenye alerji ya karanga, anaitambua karanga na kupiga kelele mwilini: ngozi inavimba, midomo inajaa, kifua kinapiga filimbi, mtu anatapika. Mara nyingine shinikizo la damu linaanguka na mtu anakufa.

Basi wazo lilikuja lenyewe. Kama askari huyu yuko katika damu, tumtafute kule. Kipimo kinachukua damu kidogo, kinaiweka mbele ya karanga, ya yai, ya maziwa, ya vumbi, na kinahesabu ni askari wangapi wameshikamana na kila kitu. Uzuri wake ni kwamba kinafanyika hata kwa mtoto mchanga, hata kama ngozi yake imeharibika, hata kama amekunywa dawa za kuzuia kujikuna. Kile kipimo kingine, cha kutia tone kwenye mkono na kuchoma kidogo na sindano, ni cha bei ndogo na kinajibu kwa dakika kumi na tano hivi, lakini dawa hizo zinakiharibu.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini tangu mwanzo kabisa wale wa Uppsala walifanya jambo ambalo linatuhusu sisi moja kwa moja: walipima damu ya watoto wadogo wa Ethiopia, wale ambao hawajaanza shule. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka huohuo wa 1968. Watoto wale walikuwa na IgE mara nyingi zaidi kuliko watoto wa Sweden. Je, Ethiopia nzima ilikuwa na alerji? Hapana. Walikuwa na minyoo. Askari IgE hakuumbwa juu ya karanga. Kazi yake ya zamani ni kupigana na wadudu wakubwa wanaoingia mwilini, minyoo ya tumbo, safura, bilharzia. Mtoto mwenye ascaris tumboni anatengeneza IgE kwa wingi, kama kijiji kilichovamiwa kinavyopigisha ngoma usiku kucha. Ukimpima, mashine itasema: IgE iko juu. Ni kweli iko juu. Lakini si alerji.

Mtu atasema: sawa, hiyo ni IgE yote pamoja, lakini kipimo cha leo kinatafuta ile ya karanga peke yake, hakiwezi kudanganyika. Kinadanganyika. Ghana walipima watoto wa shule kwa mamia, na matokeo yakaandikwa mwaka 2013. Zaidi ya watoto kumi kwa kila mia moja walikuwa na IgE ya karanga katika damu. Kwa Ulaya mzazi angeogopa. Lakini walipochoma ngozi ya watoto hao na tone la karanga, ni wachache sana ambao ngozi yao iliitika, na watoto wale walikuwa wanakula karanga kwa kawaida, Ghana ni nchi ya karanga kama hapa. Kilichokuwa kinatokea ni hiki: katika mdudu wa bilharzia kuna aina ya sukari, na sukari inayofanana nayo iko pia katika karanga na mimea mingi. Askari aliyefundishwa kumtambua mdudu anaikuta sukari hiyo katika karanga, anaishika, na mashine inaandika alama ya kujumlisha. Ila kushika namna hiyo hakuna nguvu ya kuamsha ugonjwa. Ni sawa na askari wa kizuizi anayesimamisha kila mtu mwenye koti nyeusi juu walimwambia mwizi alikuwa na koti nyeusi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2021 Maurice Nigo na watafiti wenzake waliandika juu ya bilharzia ya matumbo katika mkoa wetu wa Ituri, wakaonyesha kwamba imeenea sana. Mchimbaji haitaji kusoma jarida kujua. Dhahabu inaoshwa katika maji, watoto wanacheza katika maji yaleyale, mama wanafulia humo, na vyoo kwenye mashimo ni vichache ao haviko. Minyoo ya tumbo tusiizungumze. Kwa hiyo mtoto wa Bambu anayepelekwa kupimwa alerji anaingia katika laboratwari akiwa na sababu tatu nne za kutoka na alama za kujumlisha, kabla hata hatujaongea juu ya karanga. Yule anayesoma karatasi bila kuuliza juu ya minyoo na maji, anasoma nusu ya barua.

Hasara ya kwanza ni pesa. Kipimo, safari, malazi Bunia, siku ambazo baba hakushuka shimoni: hesabu hiyo kila familia inaijua. Lakini pesa itarudi siku nyingine. Hasara ya pili ndiyo mbaya, nayo iko katika sahani. Mtoto wa hapa anapata protini wapi? Karanga. Ndakala na samaki wa Ziwa Albert, wale wanaopanda kutoka Tchomia na Kasenyi. Maharagi. Yai, kama kuku yuko. Nyama ni ya siku kubwa. Ukichukua karatasi ile na kufuta karanga, samaki na mayai kwa pamoja, umebakiza mihogo. Na mtoto wa miaka miwili aliyeachishwa ziwa, anayekula mihogo tu, tunajua anakokwenda: miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, uso unakuwa wa mviringo, hacheki tena. Kwashiorkor. Neno hilo lilitoka Ghana pia, katika miaka ya 1930, daktari Cicely Williams alilichukua kwa mama wa kule waliokuwa wanaita hivyo ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Itakuwa ni huzuni kubwa kama vita na njaa vingeshindwa kuleta kwashiorkor katika nyumba moja, halafu karatasi ya laboratwari ikaileta.

Na tena, kumnyima mtoto chakula kwa kuogopa alerji kunaweza kuizaa alerji hiyo. Mwaka 2015 London, kundi la profesa Gideon Lack lilitoa matokeo ya jaribio walilolipa jina la LEAP. Walichukua watoto 640 wa kati ya miezi minne na kumi na mmoja, wote wakiwa na egzema kali ao alerji ya yai, yaani wale walio katika hatari. Nusu walipewa chakula chenye karanga kila wiki, nusu wakakatazwa karanga kabisa mpaka miaka mitano. Wazazi wengi wangefikiri waliokatazwa ndio watapona. Ilikuwa kinyume: waliokula karanga walipata alerji yake mara chache zaidi, kwa tofauti kubwa ambayo hakuna aliyeitegemea. Kabla ya hapo, madaktari wa Uingereza na Marekani kwa miaka mingi walikuwa wanawaambia wazazi wangoje. Leo wanasema tofauti. Mama wa Bambu anayetia unga wa karanga katika uji wa mtoto wa miezi sita saba alikuwa mbele yao, bila mtu kumwambia. (Unga ao karanga iliyosagwa, si punje nzima; punje inamkaba mtoto.)

Kuna neno lingine linalouza kipimo hiki kuliko yote: kutabiri. Wazazi wanaambiwa, tutajua mapema. Nani hapendi kujua mapema? Mchimbaji maisha yake yote ni kutaka kujua kabla ya kuchimba kama mshipa uko chini.

Kuna vipimo vya damu vinavyotabiri kweli. Chukua ugonjwa wa SS, ambao karibu kila familia kubwa ya hapa imeuona. Tone moja la damu ya kisigino cha mtoto aliyezaliwa jana linaweza kusema kama atakuwa SS, na jibu halitabadilika, sababu iko katika urithi wa baba na mama. Kinshasa, daktari Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga 31,204 na kuandika matokeo mwaka 2009: 1.4 kwa kila mia moja walikuwa SS, na karibu 17 kwa mia walikuwa wamebeba upande mmoja bila ugonjwa. Kujua hivyo mapema kunaokoa, mtoto anapewa penicilini, anachanjwa, wazazi wanajua kwamba homa kwake haiko kitu cha kungojea mpaka asubuhi.

Alerji haiko hivyo. Haiandikwi mara moja siku ya kuzaliwa. Katika miaka ya 1970 na 1980, Ulaya walikuwa na tumaini kubwa: wapime IgE katika damu ya kitovu, wajue mtoto yupi atakuwa na asma ao egzema. Walijaribu kwa watoto wengi. Tumaini likafifia: watoto wengi waliokuwa na IgE juu kitovuni hawakuugua, na wengi waliougua baadaye walikuwa na damu ya kawaida siku ya kuzaliwa. Leo kipimo hicho hakipendekezwi kwa kutabiri. Kinachosaidia zaidi ni maswali ya bure: baba ana asma? Mama anapiga chafya na kulia macho kila kiangazi? Mtoto alikuwa na egzema kali kabla ya kufikisha mwaka? Kama ndiyo, hatari iko juu kidogo. Kama hapana, iko chini. Na hata hapo ni hatari tu, si hukumu.

Jirani zetu wa Uganda wameonyesha jinsi jambo hili linavyojificha. Entebbe, karibu na Ziwa Victoria, walifuatilia mama wajawazito wapatao 2,500 na watoto wao. Mama wengine walipewa dawa ya minyoo, albendazole, wakiwa na mimba. Wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2011 Harriet Mpairwe na wenzake waliandika kwamba watoto wa mama waliopewa albendazole walipata egzema zaidi. Yaani minyoo ya mama ilikuwa inanyamazisha kitu fulani katika mwili wa mtoto kabla hajazaliwa. Nani angetabiri hilo kwa kuangalia damu ya mtoto peke yake? Tafadhali mtu asije akatoa hapa sababu ya kukataa dawa ya minyoo kwa watoto. Safura inakunywa damu, ascaris inakula chakula cha mtoto, na baadaye katika visiwa vya Koome, palepale Uganda, walipowapa watu dawa za minyoo mara nyingi kwa miaka mitatu, asma na alerji hazikuongezeka. Dawa ya minyoo mupe mtoto wakati kampeni inapita.

Tuseme neno pia juu ya vipimo viwili ambavyo ni bora pesa ibaki mfukoni. Cha kwanza kinaitwa IgG ya vyakula. Kinapima askari mwingine, ambaye yuko katika damu ya kila mtu kwa sababu tu amekula chakula hicho. Ukila maharagi kila siku, utakuwa na IgG ya maharagi. Hiyo ni alama kwamba unakula, si kwamba unaugua. Chama cha madaktari wa alerji wa Ulaya kiliandika wazi mwaka 2008 kwamba kipimo hicho kisitumiwe kutafuta alerji ya chakula. Bado kinauzwa. Cha pili hakitoi damu hata kidogo: mtu anashika chuma mkononi, kompyuta inawaka, karatasi ndefu inatoka na magonjwa yote ya figo, moyo, alerji na hata tabia. Mashine hizo zimezunguka Afrika Mashariki yote, sokoni na kanisani. Ukitaka kuijaribu, mushikishe chuma mtu yuleyule mara mbili kwa majina mawili, halafu linganisha karatasi.

Basi yule mtoto anayekohoa na kujikuna, ana nini? Hapa ndipo kazi ya muganga wa kituo inaonekana, na inahitaji macho kuliko mashine. Kujikuna usiku, kati ya vidole, kiunoni, na ndugu zake wote wanajikuna: mara nyingi ni upele. Familia nyingi za Djugu zimekimbia mara mbili tatu, wamelala watu nane katika nyumba ya turubai, na upele unapenda watu wanaolala karibu. Dawa yake inapakwa kwa wote siku moja, vinginevyo unarudi. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, mtoto anakonda, na nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa: mtafute kifua kikuu kwanza, na baba wa shimoni apimwe pia, maana vumbi la mawe linafungua mlango wa kifua kikuu katika mapafu ya mchimbaji. Kikohozi pamoja na homa: TDR ya malaria, hesabu ya kupumua. Kikohozi kinachokuja mama akiwasha moto ndani, ao mtoto akiwa karibu na mama wanaotwanga mawe: ondoa mtoto kwenye moshi na vumbi kabla ya kununua jina la ugonjwa. Na pale ambapo zebaki inachomwa ili dhahabu ibaki, mtoto asikae hata kidogo, iwe katika jikoni, iwe katika duka la mnunuzi. Moshi wa zebaki hauleti alerji. Unaharibu ubongo na figo, na mtoto mdogo ndiye anaumia zaidi.

Asma ya kweli, ile wengine wanaita pumu, ipo Bambu kama ilivyo kila mahali. Kifua kinapiga filimbi, kinarudi mara kwa mara, usiku zaidi, mtoto anakimbia kidogo anasimama. Lakini asma haitambuliwi kwa kipimo cha damu. Inatambuliwa kwa historia, kwa kusikiliza kifua, na kwa kuona kama salbutamol ya kuvuta inamfungua. Pesa ya kipimo ingenunua pompi ya salbutamol, na chupa ya plastiki ya maji iliyotobolewa chini inatosha kuwa kifaa cha kumsaidia mtoto kuvuta. Jambo hilo lilijaribiwa Afrika Kusini na likafanya kazi vizuri.

Alerji ya kweli ya chakula nayo ina sura yake, na mama akiiona mara mbili haisahau. Mtoto anakula yai, na katika dakika chache, ao kabla ya saa mbili kupita, midomo inavimba, vipele vikubwa vinatokea mwilini, anatapika, ao kifua kinabana. Siku nyingine anakula yai tena, inatokea tena. Hapo ndipo kipimo cha damu kina kazi. Kimuulize swali moja: yai? Usimuulize maswali arobaini. Jibu likiwa juu sana, linaongeza uhakika wa kile mama alichoona. Jibu likiwa tupu kabisa, daktari anaanza kufikiria kitu kingine, na hilo nalo ni faida kubwa. Lakini hata jibu la juu halisemi mtoto ataumia kwa nguvu gani. Na kama mtoto anakula karanga kila juma na hajawahi kupata kitu, alama ya kujumlisha mbele ya karanga haina kazi ya kufanya nyumbani kwenu. Kwa familia ambazo zimeshafuta vyakula kwa sababu ya karatasi: kama mtoto hakuwahi kuonyesha dalili hata siku moja, muende kwa daktari na karatasi yenyewe, mumwambie alivyokuwa anakula zamani, mumuombe awasaidie kuvirudisha. Kama alikuwa amevimba ao amebanwa kifua, musijaribu peke yenu nyumbani.

Hatari kubwa ya alerji katika kijiji mara nyingi haitoki hata katika sahani. Inatoka kwa nyuki, na inatoka kwa sindano ya penicilini inayopigwa mahali pasipo mtu wa kusaidia kama mambo yanageuka. Wakati mwili unaanguka namna hiyo, dawa ni moja: adrenalini, inachomwa kwenye paja, mara moja. Si deksametazoni, si maji ya dripu kwanza. Ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, iko kwenye orodha ya dawa muhimu za OMS, haihitaji frigo; inataka tu kuwekwa mbali na jua na joto kali.

Je, iko katika kituo chenu? Hilo ndilo swali la afya ya Bambu kuliko kipimo cha Kampala. Wazee wanakumbuka wakati kampuni ya Kilo-Moto ilikuwa bwana wa mji, na matibabu ya mfanyakazi yalikuwa sehemu ya kazi. Mchimbaji wa leo anajichimbia, hana bwana wa kumtibu. Tarehe 28 octobre 2021 gari la MSF lilipigwa risasi katika barabara ya kati ya Kobu na Bambu, wafanyakazi wawili wakajeruhiwa, na mwaka uliofuata shirika hilo likafunga kazi yake katika zone de santé za Bambu na Nizi. Pengo hilo halijibiwi na laboratwari ya kulipia. Kodi ya madini, kufuatana na code minier ya 2018, inapaswa kurudisha asilimia 15 kwa sekta ao chefferie ambako madini yanatoka. Lakini inahesabiwa juu ya wenye vibali vya uchimbaji, na dhahabu ya mchimbaji mdogo nyingi inavuka mpaka kuelekea Uganda bila kuandikwa popote. Kile ambacho hakiandikwi, hakirudishi hata ampula moja.

Kila eneo la afya lina komite yake, CODESA, ambamo wakaaji wanakaa pamoja na muganga mkuu. Kwa kawaida mikutano inaongelea paa la kituo na bei ya kujifungua. Katika mkutano unaokuja mtu anaweza kuinua mkono na kuuliza vitu vitatu: ampula za adrenalini ziko ngapi na zinaharibika lini, salbutamol ya kuvuta iko ao haiko, na mtoto akizaliwa leo katika kituo hiki, tone la damu la kupima SS linaweza kutumwa wapi. Muganga atajibu hapohapo, maana majibu yako kwenye daftari la depo.